Kikombe cha Juu ya Boriti

Katika nyumba yetu hatubagui mtu. Nalisema hili kifua mbele. Mgeni yeyote akifika uani kwetu anapewa chai, awe nani, atoke wapi. Hata wale wasioruhusiwa kuingia ndani tumewawekea kikombe chao.

Kikombe chenyewe kilikaa barazani, juu ya boriti, kimefunikwa mdomo chini. Kilikuwa cha kaure nyeupe, chenye ua la bluu na sikio lililokatika. Karibu kila nyumba ya mtaa wetu ilikuwa nacho. Jina lake ni kikombe cha Rama. Rama kwetu ni Mungu. Basi mimi tangu utotoni niliamini kwamba anayenyweshwa kwa kikombe hicho amepewa heshima kubwa. Nilishangaa tu kwa nini kikombe cha Mungu hakina sikio.

Sisi ni wafinyanzi. Baba anafinyanga. Mimi nakanda udongo na kuongea, na Baba husema hiyo kazi ya pili ndiyo naiweza zaidi. Jina langu ni Kalpesh. Ni mimi peke yangu nyumbani niliyemaliza sekondari, na sijamruhusu mtu asahau. Kaka yangu Vallabh yuko mjini Surat, anasugua almasi kiwandani, tunamwona sikukuu. Mkewe, shemeji yangu Hansa, anaishi nasi. Mama alifariki zamani. Na juu yetu sote yuko Bibi, mama yake Baba.

Bibi alianguka kisimani mwaka ule wa mvua kubwa. Tangu siku hiyo mabega yake mabovu, mikono haipandi. Hansa ndiye humchana nywele kila asubuhi. Lakini mdomo wa Bibi haukuanguka naye. Neno lake ndilo hukata shauri katika nyumba yetu.

Mwaka ule Hansa alikuwa na mimba ya pili. Kwa desturi yetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwa wazazi wa mwanamke. Wa pili ni zamu ya nyumba ya mume. Basi mzigo ulikuwa wetu. Yaani wa Bibi. Yaani wa Hansa mwenyewe, maana Bibi alikuwa anatoa amri na Hansa ndiye aliyekuwa anavimba miguu.

Siku moja asubuhi akaja nesi mpya. Alikuja kwa skuta, mfuko begani, viatu vimejaa vumbi la njia ya bwawani. Bibi alimpokea vizuri. Alimwonyesha kitanda cha kamba akae. Kisha akamuuliza jina.

"Manjula," nesi akasema.

"Manjula nani?"

"Manjula nesi."

Bibi akacheka kidogo. Alipenda mtu mwenye majibu. Lakini swali lake hakuliacha. Kijijini kwetu jina la kwanza ni la kumwita mtu. Jina la ukoo ni la kujua umkalishe wapi. Akauliza tena, polepole, kama anaongea na kiziwi.

"Manjula nani, binti yangu?"

"Manjula Vankar, Bibi."

Wavankar ni wafuma nguo. Kwa watu wa umri wa Bibi, Mvankar ni mtu asiyeguswa. Ukimgusa, unaoga. Akigusa chungu chako cha maji, unakivunja. Sisi wafinyanzi hatukuwahi kulalamikia desturi hiyo, maana chungu kikivunjwa mtu anakuja kununua kingine.

Kwa hiyo mambo yakabadilika hapo hapo. Kitanda cha kamba kikasimamishwa ukutani. Kikombe kilishushwa. Kikafutwa vumbi. Chai ikamiminwa kutoka juu sana, ili birika lisikaribiane nacho.

Dada Manjula akakitazama. Alikiweka kwenye ngazi ya baraza, taratibu, na kusema asante, alikuwa ameshakunywa chai nyumbani. Nzi wawili wakaja kumsaidia.

Alikuwa amekuja kumpima Hansa presha. Alitoa mashine yake ndogo ya betri, yenye mkanda wa kufunga mkononi. Bibi akasema mashine sawa, lakini mkono wake hapana. Wakabishana kwa adabu muda mrefu. Mwishoni Bibi akatoa uamuzi: mashine iwekwe kizingitini, Hansa aichukue mwenyewe na ajifunge mwenyewe. Dada Manjula akaeleza kwamba mkanda ukifungwa vibaya, mashine hudanganya. Bibi akajibu kwamba hata watu hudanganya na dunia inakwenda.

Tena kabla Hansa hajaigusa, ilibidi mashine itakaswe. Kwetu ukitaka kutakasa kitu cha chuma au cha nguo unakinyunyizia maji. Hata mtu hunyunyiziwa. Basi maji yakamwagwa juu ya mashine.

Mashine ikawaka yenyewe. Ikalia mara moja kama kifaranga. Ikaandika nane tatu mfululizo, kisha ikazimika na haikuwaka tena.

"Umeona," Bibi akasema. "Hata mashine imeshtuka."

Mimi nilicheka mpaka nikashika nguzo. Dada Manjula hakucheka. Alitoa betri moja moja, akazipangusa kwa upindo wa sari yake, akajaribu tena. Hakuna kitu. Alisema mashine hiyo ndiyo pekee aliyopewa, nayo ilikuwa ya vijiji vinne. Kuomba nyingine kungechukua wiki kadhaa.

Kisha akachuchumaa pale pale uani na kuongea na Hansa, ambaye alikuwa nyuma ya mlango, amejifunika uso kwa upindo wa sari kama desturi ya mke mbele ya wakwe.

"Dada, nisikilize," akasema. "Kuna presha ya mimba. Inapanda kimya kimya. Mama anaweza kuwa anacheka, anapika, anatembea, na presha imeshafika juu. Mwishowe inaleta degedege. Inaua mama na mtoto pamoja. Bila mashine siwezi kuiona. Kwa hiyo itabidi uione wewe."

Aliniambia mimi msomi nichukue mkaa niandike ukutani. Nikaandika kwa herufi kubwa, kando ya mlango wa jikoni:

KICHWA KUUMA SANA BILA KUPOA.
MACHO KUONA UKUNGU AU VIMULIMULI.
USO NA MIKONO KUVIMBA.
MAUMIVU JUU YA TUMBO, CHINI YA MBAVU.

Hansa alirudia yote manne kwa sauti ndogo. Dada Manjula akasema ikitokea hata moja, apigiwe simu saa hiyo hiyo, wasisubiri kesho wala mwisho wa kazi. Bibi alisema mwandiko wangu umechafua ukuta.

Baada ya hapo dada Manjula alikuja kila wiki, bila mashine. Alitazama miguu ya Hansa kwa mbali, akauliza maswali, akaandika. Kila alipokuja, kikombe kilishushwa. Kila alipoondoka, kikombe kilirudishwa. Hakunywa hata mara moja. Mimi nilimtania kwamba huenda chai yetu ni mbaya. Alisema harufu yake nzuri sana.

Mwezi huo huo nilipeleka mitungi kwa akina Hathisinh. Hawa ni Darbar, wenye mashamba, watu ambao babu zao walikuwa watawala na wao bado hawajaambiwa kwamba utawala umekwisha. Mzee mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba. Viti viwili vilikuwa vitupu. Mimi nilikalishwa chini, kwenye mavumbi, kando ya mbwa. Na muda wote aliniita "we mfinyanzi." We mfinyanzi weka pale. We mfinyanzi huu una ufa.

Nilirudi nyumbani nawaka. Dada Manjula alikuwa kwenye ngazi ya baraza, anajaza fomu zake. Nikamweleza yote, na kumbuka sikuwa nimeulizwa. Nikamwambia mimi nina jina. Nina cheti. Mzee yule hajui hata kusoma kibao cha duka.

"Pole, mwalimu," akasema bila kuinua kichwa. Alikuwa ameanza kuniita mwalimu tangu siku ya ukuta. "Chai ulipewa?"

"Nilipewa."

"Kikombe cha namna gani?"

"Cha kawaida. Kama chao."

"Basi wewe una cheo."

Kando yake, kwenye ngazi, kilikuwa kile kikombe chenye ua la bluu, chai imeshaota utando. Nikakitazama. Kisha nikatazama kwingine, kwenye miti.

Baba alikuwa anapanga tanuri. Kazi hiyo ni ya ustadi. Vyungu vikubwa vinakaa chini, vya kati juu yake, vidogo juu kabisa. Dada Manjula alimtazama kwa muda, kisha akafunga fomu zake.

Alisema vitabu vya zamani vya dini yetu vinataja matabaka manne. Juu wako Brahmin, makuhani na walimu. Wa pili ni Kshatriya, watawala na wapiganaji, ndiko Hathisinh anakohesabu babu zake. Wa tatu ni Vaishya, wafanyabiashara. Wa nne ni Shudra, wa kazi za mikono, ndiko vitabu vinakoweka wafinyanzi. Ndani ya hayo manne kuna koo maelfu, kila moja na kazi yake, kila moja inaoana yenyewe kwa yenyewe. Mtoto anazaliwa humo na anafia humo. Na chini kabisa, nje ya hesabu yote, wako waliofuma, waliochuna ngozi, waliozoa uchafu wa wengine. Hao ndio walioitwa wasioguswa. Siku hizi wengi wao hujiita Dalit, maana yake waliokandamizwa.

"Wazee husema mpango huo ulileta utulivu," akasema. "Kila mtu alijua kazi yake. Ni kweli. Hata mimi kazi yangu ilijulikana kabla sijazaliwa. Ila hakuna aliyekuja kuniuliza."

Baba alikuwa ameacha kupanga. Dada Manjula akanyoosha kidole kwenye tanuri.

"Chungu kile cha katikati," akaniambia. "Kingekuwa na mdomo kama wako, kingelia kutwa kwamba cha juu kinakilemea. Hakijawahi kutazama kimekalia nini."

Baba si mtu wa maneno. Siku hiyo aliuliza swali zima. Aliuliza sheria inasemaje. Dada Manjula akamjibu kwamba katiba ya nchi ilipiga marufuku desturi ya kutoguswa tangu mwaka 1950. Kumtengea mtu kikombe, kumzuia kisima, kumzuia hekalu, yote ni makosa, na mtu anaweza kushtakiwa na kufungwa.

"Mbona wewe hujatushtaki?" Baba akauliza.

"Mgonjwa wangu yuko ndani ya nyumba hiyo. Nikiwashtaki leo, kesho nani atanifungulia geti?"

Kutoka ndani Bibi akasema kwa sauti ya kusikika mpaka bwawani kwamba sheria haijawahi kuja kunywa chai kwake, na ikija itapewa.

Wiki moja kabla ya Navaratri sisi tunafanya kazi bila kupumua. Hizo ni siku tisa za mungu wa kike. Wanawake hucheza kuzunguka chungu chenye matundu, ndani yake imewaka taa. Chungu hicho tunakitengeneza sisi. Baba anafinyanga, Hansa anatoboa matundu na kuyapaka rangi. Mkono wake haujawahi kukosea.

Asubuhi ile nilipita nikaona matundu yamekwenda upande. Nikamwambia mungu wa kike mwaka huu atakuwa na makengeza. Hansa hakunijibu utani. Alisema anaona vyungu viwili, naye ameshika kimoja.

Nikacheka. Alikuwa anahangaika na bangili zake za kioo, anazivuta. Hazikutoka. Zilikuwa zimezama kwenye nyama ya mkono kama kamba iliyofungwa kwenye mfuko wa nafaka. Nikaendelea kucheka kidogo, kwa mazoea tu. Kisha macho yangu yakaangukia ukuta wa jikoni. Nikasoma mstari wa pili. Nikasoma wa tatu. Nikamuuliza kama kichwa kinauma. Alisema tangu jana, lakini hakutaka kusumbua watu siku za kazi.

Bibi akasema ni jua. Baba akasema piga simu.

Dada Manjula alifika kabla Hansa hajamaliza kunywa maji. Safari hii alikuwa na mashine mpya, ilikuwa imefika juzi yake. Hansa alikuwa amelala chumba cha ndani, na hakuweza kusimama. Bibi alikuwa amesimama mlangoni, katikati, miguu imekaza.

Akasema Hansa atatolewa nje. Dada Manjula akasema hapaswi kutembea. Bibi akasema atabebwa. Baba akaita, "Mama," mara moja tu, na hakuendelea. Mimi, mwenye maneno yote ya kijiji kizima, nilirudi nyuma ya Baba.

Ndipo sauti ikatoka chumbani.

"Dada, ingia ndani."

Tumeishi na Hansa miaka mitano. Sikuwahi kumsikia akitoa amri mbele ya Bibi. Hata chumvi alikuwa anaiomba kwa kukohoa.

Bibi hakusogea. Dada Manjula akavua viatu. Akamshika Bibi mabega yote mawili, yale mabega mabovu, taratibu sana, akamweka pembeni kama mtu anavyohamisha mtungi uliojaa maji. Kisha akaingia.

Alimfunga Hansa mkanda kwa mikono yake. Mashine ikasoma mia na themanini kwa mia na kumi na tano. Nilimwona akisoma mara mbili. Hakupaza sauti. Alimdunga sindano ya kuzuia degedege, akanituma nipige namba ya gari la wagonjwa, akamwambia Baba afungue geti lote. Bangili alizikata moja moja kwa mkasi wa Baba wa kukatia bati. Gari lilipofika alipanda naye.

Degedege lilimkuta Hansa njiani, mara moja, karibu na daraja la mfereji. Dada Manjula alimlaza kwa ubavu na kumshikilia hivyo mpaka hospitali ya wilaya. Daktari alituambia baadaye kwamba kama si ile sindano, na kama wangechelewa saa moja, tungerudi nyumbani na maiti. Alasiri ile akazaliwa mtoto wa kike. Mdogo, mwenye hasira, mzima.

Niliporudi kutoka hospitali nilimkuta Bibi ameketi pale pale alipowekwa. Kwa desturi yake mtu asiyeguswa akimgusa, anaoga saa hiyo hiyo na kubadili nguo. Maji yalikuwa tayari kwenye ndoo. Jioni ilifika, ndoo bado imejaa. Mimi kwa mara ya kwanza sikuuliza.

Baba naye alikuwa kwenye gurudumu. Aliacha vyungu vyote vya Navaratri akaanza kutengeneza vikombe. Vidogo, vya udongo mmoja, vya kipimo kimoja. Nikamuuliza ni oda ya nani. Alisema ya nyumba.

Siku ya tano Hansa akaruhusiwa kurudi. Dada Manjula alikuja kumpima, na kitanda cha kamba kilikuwa kimetandikwa shuka. Bibi mwenyewe aliamuru chai iletwe kwenye vikombe vya ndani, vile vya wageni wa harusi. Alimwambia dada Manjula kwamba yeye si kama wengine. Yeye amemwokoa Hansa. Kuanzia leo atakunywa kama mtu wa nyumba.

Dada Manjula hakuchukua kikombe.

"Bibi," akasema, "na kama ningechelewa, Hansa akafa? Ningerudishiwa kile cha juu?"

Bibi akakisogeza kikombe karibu naye zaidi.

"Na Ratilal anayezibua mtaro wenu? Hajamwokoa mtu. Ana kiu tu. Mimi nikipewa kikombe kwa sababu ya sindano, siku nikistaafu kitarudi kwenye boriti."

Bibi aliposema, hakuwa anabishana.

"Mimi nina miaka sabini na mbili. Nikibadilika leo, basi miaka yote hiyo nilikosea."

"Ndiyo, Bibi."

"Ni mingi."

"Ni mingi," dada Manjula akasema. Hakumfariji. Alimpima presha yake naye, na Bibi akatoa mkono.

Siku ya sita baada ya kuzaliwa, kwetu kuna shughuli. Karatasi tupu inawekwa karibu na mtoto, pamoja na kalamu, ili mungu wa majaliwa aje aandike maisha yake yatakavyokuwa. Safari hii Bibi aliita watu wa mtaa wa Wavankar pia. Ratilal alikuja na mkewe, wakasimama getini mpaka Baba alipokwenda kuwaleta kwa mkono. Vikombe vipya vya udongo vilipangwa uani, vyote sawa, na kila mtu akachukua alichofikia. Majirani wawili waliaga mapema. Mmoja alisema amefunga, naye tulimwona akila mandazi asubuhi. Lakini wengi walikaa, wakanywa.

Ya baadaye nayasema sasa. Mtoto ananenepa. Presha ya Hansa imeshuka, na anapimwa kila mwezi, ndani, na mkono wa nesi. Nyumba tatu za mtaa wetu zimeshusha vikombe vyao. Akina mama wajawazito wanne wameandika ile mistari ukutani. Kwa Hathisinh bado nakalishwa chini, lakini sasa nikikalishwa namtazama na mbwa aliye chini yangu. Ningependa hadithi iishie hapa. Lakini watu wengi walikuwepo siku ile, na watasema.

Watu walipokuwa wanakunywa, nikasimama kutoa hotuba. Hakuna aliyeniomba. Nilieleza ubaya wa kutenga watu, nikataja katiba na mwaka wake. Nikasema nyumba yetu imepata nuru, kwa sababu Bibi, pamoja na uzee wake na desturi zake, hatimaye amekubali kuacha mambo ya kikombe. Nikasema mimi kama msomi sikuyakubali tangu zamani, ila mtoto hawezi kumpinga mkubwa. Watu wakatikisa vichwa. Mke wa Ratilal alinitazama vizuri sana.

"Leta hicho kikombe," Bibi akasema.

Nikarudi nyuma hatua moja, bado naongea. Nikapandisha mkono nyuma ya nguzo, juu ya boriti, bila kutazama. Nikakishusha.

Bibi akasema kitiwe chai. Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka nusu mbele ya watu wote.

"Kina vumbi," akasema. "Tulikuwa tunawanywesha vumbi."

Akampa Baba. Baba akakitupa kwenye rundo la vigae kando ya tanuri, na hakikutoa kelele kubwa. Mimi nikashika hotuba pale nilipoiachia. Nikasema, mnaona, ndugu zangu, hata mzee hubadilika akielimishwa.

"Mwalimu," dada Manjula akasema. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, kikombe cha udongo mkononi. "Bibi hawezi kuinua mkono hata kujichana nywele. Hansa alikuwa mjamzito. Baba yako nilimkuta kila siku kwenye gurudumu au tanuri. Kabla ya siku ile ya gari nilikuja hapa mara sita, na mara sita kikombe kilishuka. Kilikuwa kinashuka chenyewe?"

Mtu akacheka puani, nadhani Ratilal.

"Na maji ya mashine," Bibi akaongeza, akiwa bado anajifuta mdomo. "Mimi nilisema matone. Chombo kizima alimwaga nani?"

Mkono wangu wa kulia ulikuwa na vumbi la boriti mpaka kifundoni. Nikauficha nyuma ya mgongo.

"Tumeshauona, shemeji," Hansa akasema kutoka ndani.